Mwaka Mmoja Ugenini, Kazi Nyingi Nyumbani

Somo letu la leo linahusu safari. Siyo safari ya kwenda mnadani, wala ya kumpeleka mgonjwa hospitali Singida mjini. Ni safari ya mwanafunzi anayekwenda nchi ya mbali, akakaa huko mwaka mmoja katika nyumba ya watu asiowajua, akasoma katika shule yao, kisha akarudi kwao. Tutajifunza kwa nini vijana wengi wa namna hiyo wakirudi huanza kufanya kazi za kujitolea. Tutajifunza pia namna sisi tuliobaki nyumbani tunavyoweza kuitumia safari yao.

Labda utasema: "Habari hizo zinatuhusu nini sisi wa Sepuka? Sisi tunalima alizeti, mtama na uwele, tunafuga mbuzi na kuku. Ndege tunaiona ikipita juu tu." Zinatuhusu, ndugu yetu, na sababu ni tatu. Kwanza, watoto wetu sasa wanasoma sekondari, na mmoja wao anaweza kuchaguliwa siku yoyote. Pili, wapo watu waongo wanaotumia jina la masomo ya nje ili kuwaibia wazazi. Tatu, hata asiposafiri mtoto wa kijiji hiki, yale wanayojifunza wenzetu tunaweza kuyafanya hapa hapa.

MANENO YA SOMO

Kabla hatujaendelea, tusome maneno haya kwa sauti, kisha tuyaelewe.

Ubadilishanaji wa wanafunzi: ni mpango wa kupeleka wanafunzi wa nchi moja wakakae na kusoma katika nchi nyingine kwa muda, kisha warudi.

Familia mwenyeji: ni familia inayompokea mwanafunzi mgeni na kuishi naye kama mtoto wao.

Kujitolea: ni kufanya kazi ya faida kwa wengine kwa hiari yako, bila kudai mshahara.

Ufadhili: ni fedha anayolipiwa mwanafunzi ili asome bila yeye au wazazi wake kutoa gharama.

MPANGO HUU ULIANZAJE?

Watu wengi hudhani mipango hii ilianzishwa na matajiri waliokaa mezani na kupanga. Haikuwa hivyo. Mmoja wa mipango ya zamani ulianzishwa na madereva wa magari ya wagonjwa.

Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914. Vijana wa Kimarekani walikwenda Ufaransa kwa kujitolea. Kazi yao ilikuwa kuwabeba askari waliojeruhiwa na kuwafikisha hospitali. Chama chao kinajulikana kwa herufi tatu, AFS. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, walifanya tena kazi ile ile. Walikuwa wameona watu wengi wakifa. Basi vita ilipokwisha wakajiuliza: tufanye nini ili watu wasiuane tena? Wakaona dawa mojawapo ni vijana wa mataifa mbalimbali kukaa pamoja wangali wadogo, wale pamoja na wasome pamoja. Ni vigumu kumchukia mtu ambaye mama yake amekupikia uji. Mwaka 1947 wakaanza kuwapeleka wanafunzi wa sekondari kutoka nchi nyingine wakasome Marekani.

Unaona, ndugu msomaji? Kazi ya kujitolea ndiyo iliyozaa safari ya wanafunzi. Siyo ajabu basi kwamba safari ya wanafunzi nayo huzaa kazi ya kujitolea.

Mpango mwingine uligusa nchi zetu moja kwa moja. Mwaka 2001, tarehe 11 Septemba, Marekani ilishambuliwa na watu wengi sana walikufa. Baada ya hapo chuki na hofu ziliongezeka kati ya watu wa dini na mataifa mbalimbali. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwaleta kwao wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Mpango huo ulipewa majina ya wabunge wawili wa Baraza la Seneti, Kennedy na Lugar. Kwa kifupi huitwa YES. Wanafunzi wa Tanzania Bara, wa Zanzibar na wa Kenya wamewahi kwenda kwa mpango huo, Waislamu na Wakristo. Walichaguliwa kwa mitihani na mahojiano, wakalipiwa gharama za safari na masomo.

KIJANA ANAONA NINI KULE?

Anaona mengi. Anaona theluji. Anakula chakula kisicho na ugali wala mlenda. Siku za kwanza analia usiku kwa kukumbuka nyumbani. Hayo yote yanapita. Lakini yapo mambo matatu yanayomkaa moyoni.

La kwanza ni ile familia mwenyeji. Kwa taratibu za Marekani, familia inayompokea mwanafunzi wa sekondari wa namna hii hailipwi mshahara. Inampa chumba, inamlisha na kumpeleka hospitali akiugua, mwaka mzima, kwa hiari yake. Basi kijana anaamka kila asubuhi ndani ya nyumba ya watu waliojitolea kwa ajili yake. Hata kabla hajafundishwa maana ya kujitolea, ameshaila na kuilalia.

La pili ni shule. Shule nyingi za kule huwataka wanafunzi wafanye kazi za kusaidia jamii. Katika jimbo la Maryland, kwa mfano, mwanafunzi wa shule ya serikali hawezi kumaliza sekondari bila kutimiza saa 75 za kazi hizo. Wanafunzi wanasafisha mito, wanasoma vitabu pamoja na watoto wadogo, wanawatembelea wazee wasio na mtu. Mpango wenyewe wa YES nao uliwataka wanafunzi wake wajitolee mahali walipokaa.

La tatu linawashangaza wengi. Kijana anagundua kwamba hata nchi tajiri ina shida, na shida nyingine zinamalizwa na wananchi wenyewe. Kule zaidi ya nusu ya wazimamoto ni watu wa kujitolea. Ni fundi, ni mwalimu, ni mkulima. Kengele ikilia anaacha kazi yake na kukimbilia moto. Kule pia wapo watu wanaokosa chakula, na zipo ghala ambako wenzao wanaojitolea hupanga na kugawa vyakula. Kijana wetu aliyedhani Marekani hakuna maskini anajikuta anamfungia mzee wa Kimarekani mfuko wa mchele na maharage.

Hapo akili inafunguka. Alidhani mwenye kusaidia ni tajiri, na mwenye kusaidiwa ni Mwafrika. Kumbe yeye, mtoto wa Afrika, anaweza kutoa. Wahenga walikwishasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

"JE, ATARUDI KWELI?"

Tulipozungumza habari hizi katika darasa moja hapa Sepuka, mama mmoja alisimama. Akasema, "Walimu wetu, maneno yenu ni mazuri. Lakini mimi nina binti mmoja tu anayesoma. Nikimruhusu aende huko, je, atarudi kweli? Na akirudi, si atatuona sisi washamba?"

Swali la mama yule ni la haki. Tulijibu sehemu mbili, kama alivyouliza.

Kuhusu kurudi, viza ya wanafunzi wanaolipiwa na serikali ya Marekani kwa mipango kama YES ina sharti. Mwanafunzi akimaliza mwaka wake arudi kwao. Na kabla hajaomba ruhusa ya kuhamia Marekani, awe amekaa nchini kwake jumla ya miaka miwili. Sharti hilo liliwekwa kusudi, ili alichojifunza kifike nyumbani.

Kuhusu dharau, hapo sheria haiwezi kusaidia. Hapo tunategemea malezi, na tunategemea namna tutakavyompokea. Kijana anayerudi ni kama mche uliotolewa kitaluni. Ukimwekea kivuli na maji siku za kwanza, anashika. Ukimwacha juani, ananyauka au anatafuta shamba lingine. Mara nyingi kijana akirudi sisi tunamwuliza, "Umetuletea nini?" Tunatazama sanduku lake. Akisema hakuleta kitu, tunamcheka. Siku ya pili akisema, "Nataka tusafishe kisima," tunasema, "Huyu anajifanya Mzungu." Basi kijana anakaa kimya. Mwaka mzima wa kujifunza unapotea kwa neno moja la barazani.

Tuwe na swali jingine. Badala ya "Umetuletea nini?" tuulize, "Umejifunza nini, na sisi tutakitumiaje?"

Dada mwingine aliongeza jambo zito. Alisema, "Mnazungumza habari za kijana kutudharau. Mbona sisi wenyewe tunamdharau kijana akiwa msichana?" Darasa lilinyamaza. Ni kweli. Mvulana akirudi na wazo, wazee humsikiliza hata kama hawakubali. Msichana akirudi na wazo, swali la kwanza ni lini ataolewa. Jambo hili tulizungumze kwa ukweli katika vikundi vyetu.

MFANO WA MAMA WA MITI

Sasa tutazame mtu mmoja anayejulikana duniani kote. Yeye hakwenda nje kwa mwaka mmoja tu. Alikaa miaka kadhaa. Lakini somo lake ni lile lile.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika wilaya ya Nyeri, nchini Kenya, mtoto wa wakulima. Miaka ile Kenya ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza, na nafasi za chuo kikuu zilikuwa chache mno. Tom Mboya na wenzake wakatafuta ufadhili Marekani. Kuanzia mwaka 1959 wakawasafirisha kwa ndege vijana wa Afrika Mashariki wakasome huko. Mwaka 1960 Wangari alikuwa mmoja wao. Alisoma katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, kisha katika mji wa Pittsburgh.

Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda, na hewa yake ilichafuka kwa moshi. Wangari aliwaona wananchi wakishikamana ili hewa ya mji wao isafishwe. Akaona kwamba watu wa kawaida wanaweza kukiponya mahali palipoharibika.

Mwaka 1966 alirudi Kenya. Hakuanza siku hiyo hiyo kutoa hotuba za Pittsburgh. Alisoma zaidi, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akajiunga na Baraza la Wanawake la Kenya. Huko aliwasikiliza wanawake wa vijijini. Walisema nini? Walisema kuni ziko mbali, maji yamepungua, chakula cha watoto hakitoshi. Wangari akaona shida hizo zina mzizi mmoja: miti imekatwa.

Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti 7 pamoja na wenzake Nairobi. Unajua ilipona mingapi? Ni 2 tu. Kama angekata tamaa hapo, habari ingekwisha. Hakukata tamaa. Wanawake walijifunza kuotesha miche wenyewe katika vitalu vya vijiji. Wataalamu wengine walidhani kazi ya miti inataka cheti. Wanawake wakatumia makopo na vyungu vilivyovunjika, wakatazama mbegu zinavyoota, wakajifunza kwa kufanya. Kila mti uliopona, mama alipewa fedha kidogo ya kumtia moyo. Angalia neno hilo: uliopona, siyo uliopandwa. Miaka ilivyopita, miti ikafika mamilioni. Mwaka 2004 Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011, na miti inaendelea kukua.

Tunajifunza nini? Aliona jambo ugenini. Alirudi, akasikiliza kwanza. Alianza kidogo. Alishindwa kidogo, akaendelea. Na kazi aliiweka mikononi mwa wenye shida wenyewe.

KUMBE NA SISI TULIKUWA NACHO

Ndugu msomaji, usidhani kujitolea ni kitu kinacholetwa kwa ndege. Sisi Watanzania tunakijua tangu zamani. Wazee wetu waliitana kulima shamba la mgonjwa. Waliitana kujenga tembe ya kijana anayeoa.

Na hiki unachokifanya sasa hivi, kusoma, ni tunda la kujitolea. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 wa Tanzania, wapatao 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Maelfu ya walimu wa kisomo wakajitokeza. Wengi walikuwa wakulima wa kawaida waliomaliza darasa la saba, wakapewa posho ndogo tu. Walifundisha chini ya miembe, makanisani, misikitini na katika ofisi za chama. Katikati ya miaka ya 1980, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua wakafika kama 10 kati ya 100.

Wazee watakumbuka pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kuzunguka redio kwa wiki 12. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe na kuchimba vyoo.

Wenzetu wa nchi za nje nao walitupa mawazo, na sisi tukayageuza yakawa yetu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 baada ya viongozi wetu kuona vyuo vya wananchi vya Sweden. Wazo lilitoka mbali. Lakini ufundi unaofundishwa humo ni wa kwetu: kushona, useremala, ujenzi, kilimo.

Basi mambo mawili yanakutana. Kijana analeta jicho jipya. Kijiji kina desturi ya zamani. Kimoja bila kingine hakifiki mbali.

KIJANA AKIRUDI, TUANZE VIPI?

Tuseme binti wa kidato cha tatu amerudi Sepuka baada ya mwaka mmoja nje. Ana hamu ya kufanya kazi. Hizi hapa hatua tano.

Hatua ya kwanza: asikilize. Aende kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa walimu, kwa akina mama kisimani. Aulize shida ni ipi. Asije na jibu kabla ya swali.

Hatua ya pili: kijiji kichague kazi moja ndogo. Kazi kumi haziishi. Kazi moja inaisha.

Hatua ya tatu: tupige hesabu kabla ya kuanza. Tuchukue mfano wa miti. Watu 20 wanataka kupanda miti 100 kuzunguka shule. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Tuseme kila mti unahitaji lita 5 za maji, mara mbili kwa wiki.

Miti 100 mara lita 5 ni lita 500.
Mara mbili kwa wiki ni lita 1,000.
Ndoo moja ni lita 20. Kwa hiyo ni ndoo 50 kila wiki.
Gawa kwa watu 20. Kila mtu atabeba ndoo 2 na nusu kila wiki.

Je, wakati wa kiangazi, kisima kikiwa mbali, mama mwenye mtoto mgongoni ataweza? Pengine hataweza. Basi tupande miti 40. Hapo ni lita 400 kwa wiki, yaani ndoo 20. Kila mtu ndoo moja. Tupande mwarobaini, maana unavumilia ukame. Tuizungushie miiba, maana mbuzi hawana kamati. Miti 40 iliyo hai ni bora kuliko miti 100 iliyokauka.

Hatua ya nne: tugawe kazi kwa haki. Mara nyingi kazi ya kujitolea inaitwa ya kijiji, lakini maji wanabeba wanawake, na mkutano wanahutubia wanaume. Hiyo siyo haki. Jina la kila mtu liandikwe kwenye daftari, na kazi yake mbele ya jina. Ninyi sasa mnajua kuandika. Daftari lisikae kwa mtu mmoja.

Hatua ya tano: kazi iwe na warithi. Binti yule atarudi shuleni, ataolewa au ataajiriwa kwingine. Akiondoka, kazi isiondoke naye. Tangu mwezi wa kwanza awepo mwingine anayejifunza kuiongoza.

KUJITOLEA SIYO KUNYONYWA

Hapa tunataka kusema wazi. Zipo kazi ambazo watu huitwa kujitolea, kumbe wanatumiwa tu. Kijana anafundisha shuleni miaka mitatu kwa jina la kujitolea, hana posho, hana barua, hana mtu anayemshukuru. Huko ni kumchosha.

Kazi ya kujitolea iliyo nzuri ina alama nne. Mtu ameingia kwa hiari yake. Muda wake unajulikana, wa kuanza na wa kumaliza. Anajifunza kitu au anapata heshima. Na kazi yenyewe haimwondolei haki yule anayepaswa kulipwa, wala haimwondolei wajibu yule anayepaswa kuifanya. Wananchi wanaweza kuinua boma la darasa kwa nguvu zao. Lakini boma likifika mahali pa kuezekwa, ni haki yao kuuliza serikali yao mabati yako wapi. Kujitolea na kudai haki ni ndugu, siyo maadui.

TAHADHARI KWA WAZAZI

Tumefika mahali pa hatari. Soma taratibu, na umsomee jirani yako.

Wapo watu wanaopita vijijini wakisema, "Nitampeleka binti yako nje akasome. Nipe laki tatu ya viza." Mzazi anauza ng'ombe. Mtu yule haonekani tena. Wengine ni wabaya zaidi. Wanamchukua binti kweli, lakini hafiki shule. Anafika katika nyumba ya mtu, anafanyishwa kazi usiku na mchana, na hati yake ya kusafiria inafichwa. Huo ni usafirishaji haramu wa binadamu, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayokataza jambo hilo.

Utamjuaje mtu wa kweli? Uliza maswali haya.

Je, habari imepitia shuleni, kwa mwalimu mkuu, au imekuja usiku nyumbani kwako?
Je, kuna mtihani na mahojiano, au mtoto amechaguliwa kwa kutazamwa sura?
Je, unatakiwa kutoa fedha mkononi bila risiti?
Je, umepewa karatasi? Umeisoma yote? Inasema mtoto atakaa kwa nani, shule gani, na atarudi lini?
Je, Afisa Elimu wa Wilaya ya Ikungi anaujua mpango huo?

Jibu moja tu likikutia shaka, usitie sahihi. Nenda kwa mwalimu, kwa mtendaji wa kata au kituo cha polisi. Zamani mtu aliweza kukudanganya kwa karatasi kwa sababu hukujua kuisoma. Leo karatasi ni silaha yako. Mipango ya masomo ya nje hubadilika pia. Mingine hufungwa, mingine hufunguliwa. Kwa hiyo ulizia kwanza kama mpango bado upo.

SAFARI SIYO LAZIMA IWE YA NDEGE

Ni vijana wachache watakaopanda ndege. Je, wengine wakose somo hili? Hapana.

Tangu mwaka 1963 Jeshi la Kujenga Taifa limewakutanisha vijana wa mikoa mbalimbali. Mnyaturu alilala kitanda cha jirani na Mmakonde na Mhaya, wakalima pamoja. Wengi walirudi na ujuzi wa kilimo na ujenzi. Hata sisi watu wazima tunaweza kubadilishana. Kikundi cha akina mama wa kitongoji kimoja wanaofuga kuku vizuri wapokee wenzao wawili wa kitongoji kingine kwa wiki moja. Wale nao wapokee kwa zamu yao. Gharama ni ugali na mahali pa kulala. Tembea uone, walisema wahenga. Hawakutaja umbali.

TUMEJIFUNZA NINI?

Tumejifunza kwamba mpango mmoja mkubwa wa kubadilishana wanafunzi ulianzishwa na watu wa kujitolea. Kijana anayepokewa bure ugenini anajifunza kutoa nyumbani. Anayerudi anafaulu akisikiliza kwanza na kuanza kidogo. Kijiji nacho kina wajibu wa kumpokea, awe mvulana au msichana. Na mzazi anayesoma karatasi kabla ya kutia sahihi anamlinda mtoto wake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kitongoji chenu yuko mtu aliyekaa mahali pengine, jeshini, mjini au nje ya nchi, akarudi na ujuzi? Mmewahi kumwomba awafundishe?

2. Katika jimbo la Maryland saa 75 za kusaidia jamii ni lazima kwa mwanafunzi. Je, kazi ya lazima ni kujitolea? Toeni sababu.

3. Kwa nini wanawake wa Kenya walipewa fedha kwa mti uliopona na siyo kwa mti uliopandwa?

4. Binti wa kijiji akirudi na wazo jipya, ni vikwazo gani atakutana navyo hapa kwetu? Nani anaweza kuviondoa?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika katika daftari lako sentensi tano. Taja kazi moja ndogo ambayo kikundi chenu kinaweza kuifanya kwa kujitolea kabla mvua hazijaanza. Andika ni nani watafanya, kwa siku ngapi, na vifaa gani vinahitajika. Kisha msomee mtu mmoja ambaye bado hajajua kusoma. Mwulize kama angependa kujiunga na kazi hiyo. Akikubali, mkaribishe na darasani pia.